Jinsi ya kusoma sanaa ya kuchora kwa kina ukiwa fomu faivu na siksi, hasa kama uko huku kwetu nyanda za juu kusini

Wadogo zangu mlioko fomu faivu na siksi huku Mbeya, Iringa, Njombe, Rungwe mpaka Makete, naandika hii kwa sababu kila Jumamosi nakaa na madogo watano sita hapa kwangu Soweto, Mbeya, tunachora, na maswali wanayoniuliza ni yale yale niliyokuwa nayo mimi enzi zangu nikakosa wa kumuuliza. Shule niliyosoma haikuwa na mwalimu wa sanaa, somo lenyewe halikuwepo, nikawa nachora prepo ikiisha mpaka taa zizimwe. Nilichora sana kwa kweli. Ila nilikuwa narukaruka, leo simba, kesho sura ya mwanamuziki nimeitoa kwenye gazeti, keshokutwa maua ya kadi, miaka miwili imeisha nina rundo la michoro na hamna hata miwili inayoongelea kitu kimoja. Mkono ulikuwa unaenda vizuri tu, tatizo sikuwa na ninachokitafuta. Nataka we usirudie hilo, mengine yote nitakayosema hapa chini ni ya kulisaidia hilo.

Kwanza ujue wanaosahihisha sanaa ya ngazi hii wanatafuta nini. Kama shule yako ina somo la sanaa basi mtihani wa NECTA una nadharia na una vitendo, ingia kwenye tovuti yao pakua fomati ya somo uisome neno kwa neno, alafu tafuta mitihani ya nyuma, usikubali kuambiwa tu na kaka wa mwaka jana. Kama shule haina somo, bado unaweza kujijengea potfolio yako mwenyewe, yani mkusanyo wa kazi zako ulizozichagua na kuzipanga, na hapa napenda kuwaonyesha madogo wangu wenzao wa nje wanafanyaje. Marekani kuna mpango wa AP (Advanced Placement), masomo ya ngazi ya chuo kwa wanafunzi wa hai skuli, na kwenye sanaa hawakai chumbani kujibu maswali, wanapeleka potfolio. Ina sehemu mbili, sehemu ya kwanza ni picha 15 za uchunguzi mmoja wa muda mrefu, yani unajiuliza swali moja na unalifuata kwa kuchora, kujaribu, kukosea na kurekebisha, na humo ndani unaruhusiwa kuweka hata skechi na hatua za kazi, sehemu ya pili ni kazi 5 ulizozichagua mwenyewe kuonyesha uwezo wako. Sasa angalia alama: uchunguzi unabeba asilimia 60, zile kazi 5 zinabeba 40. Umeona? Safari ya kufikiri inabeba zaidi kuliko zile kazi bora zenyewe. Wale wa A level ya Cambridge, mitihani ya Uingereza, nao wanapewa mada, wanajiandaa kwa muda, alafu kazi ya mwisho wanaifanya kwa masaa 15 chini ya usimamizi, na yale maandalizi nayo yanasahihishwa.

Kwahiyo hata kama hutafanya AP wala Cambridge maisha yako yote, uchukue huo mfumo uufanye wako. Picha 15 swali moja, tano za kuonyesha mkono. Fomu faivu inaanza Julai, mtihani wa siksi ni Mei, hapo una kama miezi 22, ukitoa likizo na mitihani ya ndani bado picha 20 zinawezekana kabisa bila kuua masomo mengine.

Swali unalipataje

Hapa ndo wengi wanakwama na mimi ndo napenda kukaa hapa muda mrefu. Dogo anakuja anasema mada yangu ni utamaduni wa Mtanzania. Hiyo haichoreki, ni kubwa mno, utaishia kuchora ngoma na Mmasai na machweo. Mada nzuri inaanza na kitu unachokiona kila siku mpaka umeacha kukiona.

Nina binti mmoja anatoka Tukuyu, alianza na wanawake waliobeba mikungu ya ndizi kichwani, unajua zile picha, nzuri, zimejaa rangi, na kila mtu alizisifia. Nikamuuliza, kwenye hii picha we mwenyewe unaangalia wapi? Akakaa kimya wee, alafu akasema naangalia ngata. Ngata ile, kuna wanaoita kata, kitambaa kinachosokotwa kuwa duara kinawekwa kichwani chini ya mzigo. Nikamwambia basi acha mwanamke, acha ndizi, chora ngata. Akachora ngata ya khanga, akachora ya majani makavu ya mgomba, akachora ya sweta kuukuu, moja akaichora kwa kalamu ya wino, nyingine kwa mkaa, nyingine akaitengeneza kabisa kwa udongo. Kwenye mchoro wa sita au wa saba akagundua kitu ambacho mimi sikukijua: ngata ikitoka kutumika ina umbo la kichwa upande mmoja na umbo la mzigo upande wa pili, na ukiiweka mezani inakaa hivo hivo na ule mkunjo wake. Akaanza kuziomba kwa mama zake wadogo na kwa bibi yake, akawa anazichora zikiwa mezani peke yake, hamna mtu, na ukiangalia mchoro unamjua mwenyewe alibeba kitu kizito kiasi gani. Swali lake likawa hilo, mzigo unaacha alama gani kwenye kitu laini. Hapo hata ukimwambia achore thelathini hazimuishii.

Jiulize hivo na wewe. Ukiwa Makete au Uyole mwezi wa saba, watu wanajifunikaje baridi, mablanketi, makoti ya mitumba, kofia za kufuma, mtu mzima unamwona macho tu. Ukiwa Mufindi una misitu ya kupandwa, miti imepangwa mstari mmoja mmoja, na mashamba ya chai yamekatwa juu kama meza. Ukiwa na baba fundi viatu una mikono yake. Chagua kimoja, kaa nacho wiki mbili kwenye daftari kabla ya kutangaza kwamba ndo mada yako. Kikikuchosha ndani ya wiki mbili, badilisha, hamna dhambi.

Daftari

Nunua kaunta buku ya kawaida isiyo na mistari ukiipata, ukikosa chukua karatasi nyeupe za A4 mpelekee mtu wa steshenari azitoboe na kuzifunga. Kila siku dakika 20. Andika tarehe kila ukurasa, na andika maneno pembeni, nimejaribu hivi imekataa, kivuli kimekuwa kizito mno, kesho nijaribu kutokea dirishani. Usichane ukurasa mbaya, nakuomba sana, ule ukurasa mbaya ndo ushahidi kwamba umejaribu na msahihishaji anautafuta. Dogo mmoja alikuwa anachana kila anachokosea, mwisho wa mwaka daftari lake lilikuwa na kurasa kumi na mbili, safi, na halikuonyesha chochote kuhusu alivyofika pale.

Mkono: anza na sufuria

Kabla ya uso wa mtu anza na sufuria, kila nyumba ina sufuria. Iweke mezani karibu na dirisha, mwanga utokee upande mmoja tu, taa ya juu izime kwa sababu taa ya juu inaua vivuli vyote. Mdomo wa sufuria ni duara lakini ukiliangalia kwa pembeni linakuwa kama yai lililolala, na makosa ni yale yale kila mwaka. Kosa la kwanza, wanachora pembe kali kulia na kushoto kama jicho, wakati hamna pembe pale, mstari unazunguka taratibu. Kosa la pili, chini wanapiga mstari ulionyooka kwa sababu akili inawaambia sufuria imekaa mezani na meza imenyooka. Angalia vizuri, kama mdomo umepinda basi na kitako kimepinda, na tena kitako kinapinda zaidi ya mdomo kwa sababu jicho lako liko juu na unakiona kutokea juu zaidi.

Kupima, nyoosha mkono kabisa kiwiko kisikunje, funga jicho moja, tumia penseli kama rula, upana wa sufuria unaingia mara ngapi kwenye urefu wake. Ukikunja kiwiko vipimo vyote vinabadilika ndo maana mchoro unakuwa mnene juu mwembamba chini. Na usiangalie sufuria tu, angalia na uwazi, mfano siku ukichora kikapu, lile tobo kati ya mkono wa kikapu na kikapu chenyewe, chora umbo la tobo, ukilipata tobo mkono wa kikapu unajileta wenyewe.

Kwenye vivuli, kabla ya kugusa mchoro tengeneza vibox vitano, kutoka karatasi nyeupe mpaka weusi wa mwisho wa penseli yako. Alafu kaa uangalie sufuria. Weusi mkubwa wa upande wa kivuli hauko ukingoni, uko ndani kidogo, ukingoni kabisa kuna mwanga hafifu unarudi kutoka kwenye meza. Siku unauona huo mwanga mdogo kwa macho yako mwenyewe, na siyo kwa sababu nimekwambia, vitu vyako vinaanza kutoka kwenye karatasi. Nilikaa na sufuria moja ya mama yangu karibu mwezi mzima, ilikuwa imebonyea ubavuni, na ule mbonyeo ulinifundisha kuliko kitu chochote.

Vifaa bila kuumia mfuko

Penseli HB, 2B, 4B na 6B zinakutosha, usinunue zile seti kubwa za rangi 36 zinazong'aa kopo, nyingi hazina rangi ya maana. Mkaa wa kuchorea jitengenezee. Chukua vijiti vikavu unene wa penseli, menya ganda, vipange vikiwa vimebanana kwenye kopo la bati la maziwa au kakao, funika, toboa tundu moja dogo kwenye mfuniko, weka kwenye jiko la moto. Moshi utatoka kwenye tundu, moshi ukikata toa kopo, na USIFUNGUE mpaka lipoe kabisa, ukifungua likiwa bado la moto hewa inaingia vijiti vinageuka majivu unaanza upya. Vya mpera kwangu vilitoka vigumu vikakwaruza karatasi, vya mparachichi vilikuwa laini na vyeusi vizuri, na huku kwetu mparachichi hauko mbali na mtu yeyote. Fanyia nje, siyo ndani.

Rangi, nenda kwa wauza vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa au popote ulipo, chukua emalsheni nyeupe ndogo, ile rangi ya maji ya kupaka ukuta, hiyo ndo ya kupaka kwanza kwenye ubao au kitambaa. Mabaki ya hadibodi na plaiwudi yako kwa mafundi seremala, ukienda kwa adabu, shikamoo fundi, naomba kipande hiki kama hukihitaji, wengi wanakupa bure. Piga msasa, paka emalsheni imechanganywa na gundi nyeupe ya mbao kidogo, ikauke, piga msasa tena, paka tena. Ukitaka kitambaa nunua amerikani, fundi akupigie fremu ya mbao, kivute vizuri ukibane nyuma. Kwenye masika, kuanzia kama Novemba mpaka Aprili, panga mara mbili ya muda wa kukauka, na rangi ya mafuta usiianze wiki moja kabla ya kukusanya, itakuaibisha.

Na kwenye hadibodi msione kama ni umaskini. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, huku huku kusini, alianza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta zile za kupakia baiskeli, alifariki 1972, miaka michache tu ya kazi, na leo mtindo unaitwa jina lake dunia nzima. Usimuige simba wake lakini, watu wameshamuiga wa kutosha. Chukua alichofanya na kitu kilichokuwa mkononi.

Nenda ukaangalie

Sanaa haisomwi kwenye picha za simu tu. Kama uko Iringa una bahati, una michoro ya mapangoni ya Igeleke hapo hapo karibu na mjini, wekundu ule kwenye mwamba, una Isimila kama kilomita 20 barabara ya kuja Mbeya, nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko ambazo ni darasa la mwanga na kivuli ukifika mapema au jioni, una na makumbusho ndani ya Boma la Mjerumani. Ukiwa Kyela fika Matema uone vyungu vya Wakisi, akina mama wa Ikombe wanavifinyanga kwa mkono na kuvichoma kwenye moto wa wazi, vinaletwa kwa mitumbwi soko la Lyulilo. Ukiwa Songwe kuna kimondo cha Mbozi, ngozi yake ya chuma ina vishimo vishimo, kaa nacho saa nzima na mkaa.

Na usione kazi ya mikono ya bibi siyo sanaa ya darasani. Nilikaa na bibi mmoja wa Kihehe anasuka vikapu vya milulu, zile nyasi za kusukia, nikamsalimia kamwene, akafurahi, nikamuomba nimchore. Nikamuuliza, bibi, unajuaje pa kuanza kupanua tumbo la kikapu? Akasema, "Mjukuu wangu, siangalii kikapu, naangalia ile nyasi inayofuata." Nimechora vikapu vingi tangu siku ile, sitangulii tena kwenye umbo zima, naenda na msuko mmoja baada ya mwingine, na umbo linakuja lenyewe na linakuwa sahihi.

Msomeni na mchoraji Sam Ntiro, mtoto wa Machame, alisoma Makerere kisha chuo cha sanaa cha Slade kule London, na alivyorudi kwenye turubai hakuchora London, alichora kijiji chake, watu wanalima, wanavuna, wanatembea njiani. Jumba la MoMA la New York, makumbusho ya sanaa ya kisasa, lina picha yake ya 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mtu kachukua jambo ambalo kila Mchaga alilijua akaliweka pale. Na ngata ya yule binti wa Tukuyu mimi naiona iko kwenye njia hiyo hiyo.

Kuchora watu sokoni, omba ruhusa kwanza. Shikamoo mama, mimi ni mwanafunzi, naomba nikuchore dakika kumi. Akikataa shukuru uondoke. Akikubali, mwonyeshe ukimaliza hata kama ni mbaya, na siku ukirudi mpelekee nakala. Muuza nyanya mmoja wa soko la Sokomatola hapa Mbeya aliibandika ya kwake juu ya meza yake, na tangu hapo sikosi mtu wa kumchora pale.

Wazazi

Najua linauma. Unaambiwa sanaa ni uhuni, soma kitu cha maana. Usibishane kwa maneno. Mwonyeshe baba daftari lenye tarehe, aone dakika 20 za kila siku kwa mwaka mzima, mzazi yeyote anaielewa nidhamu. Alafu mwambie njia zipo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu, Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa, Dar kuna Nafasi Art Space wanaofundisha wasanii vijana, na usanifu majengo unasomwa mpaka hapa hapa Mbeya pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Ila usanifu majengo unadai na masomo ya sayansi, kwahiyo soma mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, mapema kabla hujachagua tahasusi. Na masomo mengine usiyaache yaporomoke, ukifeli hayo hamna atakayelifungua hilo potfolio.

Kutunza na kuandika

Hili nalisema kwa uchungu. Kazi zangu za fomu faivu nilizikunja nikazisukuma chini ya kitanda bwenini, masika ile sakafu ikavuta maji, nikaja kuzitoa zimeshikana na mkaa umehamia upande wa pili. Michoro zaidi ya ishirini, yote imekwenda. Kwahiyo weka kazi zikiwa zimelala, katikati ya kila moja weka karatasi safi, funga kwenye maboksi mawili yaliyokunjuliwa, na ziwekwe juu siyo chini. Michoro ya mkaa ipulizie sprei ya nywele kwa mbali, kidogo kidogo mara mbili, inashika mkaa, ingawa karatasi inaweza kuwa ya njano kidogo baadaye.

Likizo ukipata simu piga picha kila kazi. Siku ya mawingu ndo nzuri, nje kivulini au karibu na dirisha, bila flashi, bila filta, simu iwe sambamba na karatasi isiinamie, maana ikiinamia mraba unakuwa trapeza. Zihifadhi kwenye barua pepe yako pia, simu zinapotea.

Mwisho andika maelezo mafupi ya uchunguzi wako. Siyo "nilipenda kuchora tangu nikiwa mtoto", kila mtu anaandika hivo. Andika ulichojiuliza, ulichojaribu, kilichokataa na ulichobadilisha. Yule binti wa ngata aliandika hivi, na alinipa ruhusa kuiweka hapa: "Nilianza kwa kuchora mizigo. Nikaona mzigo ukitua, ngata inabaki na umbo lake. Nilijaribu kwa wino lakini mistari ilikuwa migumu, haikuonyesha kitambaa kilivyochoka. Nikahamia mkaa. Mchoro wa 9 mpaka wa 15 ni ngata za watu saba wa ukoo wetu, kila moja nimeichora siku ile ile ilipotoka kichwani."